Mafundi Wanane na Foleni Moja

Barua ilikuwa na sentensi tatu, na zote tatu zilikuwa za uongo. Ya kwanza ilisema programu ya kupeleka majibu ya maabara wodini ilikwama kutokana na kasoro ya mwandishi wake wa awali. Ya pili ilisema mwandishi huyo hakuwahi kutoa tahadhari yoyote. Ya tatu ilisema anakiri, anajuta na anaomba radhi. Chini kulikuwa na mstari mtupu wa sahihi, na jina lake lilikuwa limeshachapwa kwa herufi kubwa. Kilichobaki ni yeye kushika kalamu.

Hakushika. Aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza ya mkuu wa kitengo cha kompyuta, akairudia, kisha akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mkoba. Mkuu akamwambia aisaini pale pale mambo yaishe, kwani ni utaratibu tu. Akajibu kwamba miwani yake ya kusomea uongo ameisahau nyumbani, akatoka. Kwa jibu hilo akaandikiwa akae nyumbani mpaka kamati ya uchunguzi ikae, na nywila yake ya kuingilia kwenye mitambo ikafutwa kabla hajafika getini.

Pale hospitalini walimwita Cherehani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba shingoni. Jina hilo alilipata kwa sababu mbili. Kwanza alipiga kibodi kwa kishindo na mfululizo, akanyamaza ghafla, akaanza tena, hata waliokaa chumba cha pili wakajua yuko kwenye mstari gani. Pili, mama yake alikuwa fundi wa nguo, na kila jambo la kompyuta lililowashinda wenzake kulielewa, yeye alilieleza kwa habari za chumba cha kushonea. Wengine walimcheka kwa hilo. Waliocheka ndio waliorudi kesho yake kuuliza tena.

Chumba chenyewe kilikuwa upande wa mbele wa nyumba yao, na ndimo alimokulia. Kilikuwa na cherehani nne, meza moja ya kukatia, misumari ukutani ya kutundikia nguo, na kikapu kikubwa mlangoni. Kazi ikija ilitiwa kikapuni, na fundi aliyemaliza nguo moja alichota inayofuata. Hapakuwa na kuchagua wala kupendelea. Mama yake alikataa katakata kuajiri fundi mpya kila nguo ilipoingia na kumfukuza ilipotoka, kwani siku nzima ingeishia kwenye kuajiri na kufukuza. Mafundi wanne, kikapu kimoja, na kazi ikaenda.

Alikuwa na miaka minane siku alipoona jambo lililokuja kumkaa kichwani maisha yote. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Shati linahitaji kola, na kola nayo hushonwa kwa cherehani. Mama yake alikuwa amesema kola atashona fundi yeyote atakayekuwa hana kazi. Kisha akatoka kwenda kununua vifungo. Aliporudi alikuta kimya. Mafundi wanne wamekaa kwenye cherehani nne, kila mmoja ana shati lililofika shingoni liko chini ya sindano, mikono magotini. Kikapuni kola zimejaa, zimekatwa tayari, hakuna aliyezigusa.

"Mnasubiri nini?" mama akauliza.

"Kola," wakajibu wote wanne.

"Na kola anashona nani?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa kazini. Hakuna aliyekuwa hana kazi. Kwa hiyo hakuna aliyeshona kola, na kwa kuwa hakuna kola, hakuna ambaye angemaliza shati ili awe hana kazi. Wangekaa hivyo mpaka shule zifunguliwe. Mama hakugomba sana siku ile. Aliweka vifungo mezani, akatunga amri ambayo tangu hapo ilirudiwa chumbani humo mara nyingi kuliko salamu. Ukisubiri kola, toka kwenye cherehani mwenzako akae, au shona kola mwenyewe. Kusubiri huku umekalia cherehani ni marufuku.

Mtoto yule akakua, akasoma hesabu, akasoma kompyuta. Miaka kumi na mitano kabla ya barua ile, akaajiriwa na hospitali kuandika programu ya majibu. Zama hizo majibu ya maabara yalibebwa kwa karatasi, na karatasi zilipotea kwenye ngazi, kwenye mifuko ya makoti, mara moja hata kwenye friji ya chai ya wauguzi. Yeye akaandika programu inayopokea jibu kutoka kwenye mashine ya kupimia, inalikagua, inalipeleka kwenye skrini ya wodi inayohusika. Ndani ya programu hiyo akaweka mafundi wanane na foleni moja. Wenzake waliosoma vitabu vya kisasa waliwaita nyuzi. Yeye aliwaita mafundi, na kwenye programu waliandikwa hivyo, fundi wa kwanza mpaka fundi wa nane. Jibu likiingia linakaa kwenye foleni. Fundi aliye huru analichukua, analimaliza, anarudi kuchukua jingine. Kwa nini wanane? Kwa sababu kompyuta ile iliweza kufanya mambo manane kwa wakati mmoja kikwelikweli. Zaidi ya hapo ni maigizo.

Miaka kumi na minne mafundi hao wanane walifanya kazi bila mtu kuwajua. Hakuna aliyewapongeza, na hilo halikumuudhi. Programu nzuri haizungumzwi. Alichotaka ni muuguzi kutazama skrini na kukuta jibu, basi.

Mwaka wa kumi na tano akaja mkuu mpya wa kitengo. Alikuwa na mashati mazuri na neno moja alilolipenda, mageuzi. Baada ya mwezi akaleta mshauri kutoka nje, kijana mtanashati mwenye kompyuta nyembamba, na wawili hao wakaamua kwamba kila jibu lazima lipigwe muhuri wa kielektroniki kabla ya kutoka, ili ijulikane halikuchezewa njiani. Hapo hapakuwa na ubaya. Muhuri ni jambo jema, na Cherehani mwenyewe alilisema hilo mbele ya watu. Ubaya ulikuwa kwenye jinsi mshauri alivyolifanya. Fundi akishika jibu, anafika kwenye muhuri, anaandika ombi la muhuri, analipeleka nyuma ya foleni ile ile, halafu anakaa kusubiri huku amelishika jibu lake. Na muhuri utapigwa na nani? Na fundi yeyote atakayekuwa hana kazi.

Alipoisoma kazi ya mshauri mara ya kwanza alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. Hasira haikumjia mara moja. Kwanza alicheka, kwa kuwa aliwaona mafundi wanne wa mama yake wamekaa mikono magotini. Kisha akaacha kucheka, kwani yale yalikuwa mashati, na haya ni majibu ya damu.

Akaandika ukurasa mmoja. Akaeleza kwamba majibu yakiingia machache hakuna kitakachoonekana, na ndiyo maana majaribio ya mshauri yalifaulu, kwani alijaribu kwa majibu matatu. Lakini siku yatakapoingia manane kwa mkupuo, kila fundi atashika jibu moja, kila fundi ataomba muhuri, maombi manane yatakaa kwenye foleni, na hatabaki fundi hata mmoja wa kuyachukua. Programu haitakufa, aliandika, itakaa tu. Akapendekeza mistari kumi na moja ya marekebisho, kila fundi alipigie jibu lake muhuri mwenyewe. Akampelekea mkuu mkononi.

Ukurasa ulirudi siku iliyofuata. Pembeni, kwa wino wa kijani, mkuu alikuwa ameandika maneno mawili: Ongeza mafundi. Chini yake ametia sahihi na tarehe, kwa madaha.

Akaenda kumwona. Akamweleza kwa mdomo alichoeleza kwa maandishi. Mkuu alimsikiliza huku akipangua kalamu zake.

"Dada, wewe programu hii unaipenda mno," akamwambia. "Ni kama mtoto wako. Mtu akimgusa, unalia."

"Mzee, silii. Nakwambia itakwama."

"Ikikwama tutaongeza mafundi. Si uliandika wewe mwenyewe kwamba namba inabadilishwa tu?"

Ilikuwa kweli namba inabadilishwa tu. Lakini kila fundi unayemwongeza naye atashika jibu, naye atakaa kusubiri. Unachoahirisha ni saa ya kukwama. Alimwambia hilo mara tatu kwa njia tatu, na mara ya tatu mkuu akatazama saa ya ukutani. Tangu siku hiyo ikatoka amri kwamba hakuna badiliko lolote litakaloingia kwenye programu bila kupita kwa mkuu. Yaani aliyeiandika akawa haruhusiwi kuigusa, na asiyeielewa ndiye mwenye ufunguo.

Ilikwama Jumatatu ya pili tangu kazi ya mshauri iwashwe. Jumatatu ndiyo siku ambayo wodi zote hutuma sampuli asubuhi. Saa tatu na robo majibu yakaacha kutoka. Hapakuwa na kengele, hapakuwa na maandishi mekundu. Kompyuta ilikuwa imepoa, haina hata jasho. Skrini ya uangalizi ilionyesha mafundi wanane kati ya wanane, wote wana alama ya kijani, wote wako kazini. Na kweli walikuwa kazini. Kazi yao ilikuwa kusubiri.

Saa nne akaingia sista wa wodi ya wazazi, mwanamke mkubwa wa sauti na umbo, ambaye hakuwa na desturi ya kubisha mlango.

"Dada, nina mama huko juu anatoka damu. Kundi lake la damu liko wapi? Sampuli imeondoka kwangu saa mbili."

Liko kwenye mkono wa fundi wa tano, Cherehani alitaka kusema. Limeshapimwa, limeshakaguliwa, limekaliwa. Badala yake alimshika mkono, wakakimbia wote wawili mpaka maabara, na mtaalamu akalisoma jibu moja kwa moja kwenye mashine yake. Sista aliliandika kwa kalamu kwenye kiganja, mtaalamu akalirudia kwa sauti mara mbili kulihakikisha, na sista akapanda ngazi akiruka vidato viwili viwili. Mama yule alipona. Na kupona huko ndiko walikokushika baadaye kusema kwamba hapakuwa na madhara. Sista alikimbia ngazi sita kwa miguu yake, halafu ripoti ikaandika hakuna madhara.

Mkuu akaongeza mafundi wakawa kumi na sita. Ikakaa wiki mbili, ikakwama. Akaongeza wakawa sitini na wanne, na siku hiyo alipita vyumbani akitangaza kama aliyejenga daraja. Kompyuta ikawa nzito, kwani sasa wale sitini na wanne walikuwa wanagombania nafasi nane, lakini haikukwama. Mwezi mzima haikukwama. Mkuu akawa akikutana na Cherehani kwenye korido anatabasamu.

Kisha umeme ukakatika asubuhi moja. Mashine za kupimia zilikuwa na betri zake, zikaendelea kupima na kutunza majibu, na umeme uliporudi zikayamwaga yote kwa pamoja. Yalikuwa zaidi ya mia moja. Mafundi sitini na wanne wakachukua majibu sitini na manne, wakaomba mihuri sitini na minne, wakakaa.

Mkurugenzi wa hospitali alishuka mwenyewe siku hiyo. Alikuwa daktari wa zamani, mzee wa maneno machache, hajui kompyuta wala hajidai kuijua. Mkuu akamwonyesha skrini.

"Unaona mwenyewe, mzee. Sitini na wanne, wote kijani, wote wako kazini. Upande wetu hakuna tatizo. Labda programu yenyewe imezeeka."

Cherehani alikuwa amesimama nyuma yao. Angesema angetukana, na hajawahi kutukana mbele ya mkurugenzi. Alikwenda kwenye meza yake, akachapisha orodha ya kile ambacho kila fundi alikuwa anakifanya dakika ile ile, kurasa mbili, akazitia kwenye jalada pamoja na ule ukurasa wenye wino wa kijani. Kesho yake ndipo ilipokuja barua ya sentensi tatu. Wamemwangushia jumba bovu, na walitaka alisaini.

Basi akakaa nyumbani. Wiki ya kwanza alisubiri kwa hasira. Wiki ya pili alisubiri kwa hasira zaidi, kwa kuwa sista alikuwa akimpigia simu kila Jumatatu.

"Umeme ulikatika, imekaa tena," angesema sista. "Wameizima wakaiwasha. Majibu yaliyokuwa ndani tunayatuma upya kwa mkono. Kamati inasemaje?"

"Bado haijakaa."

"Mimi mwenyewe ni mjumbe, sijaitwa. Wanasubiri nini?"

Hakujua. Wiki ya tatu akaamua kujua. Alimpigia katibu wa kamati, akaambiwa kwa upole kwamba kamati haiwezi kukaa bila ripoti, na ripoti inaandikwa na mshauri. Akampigia mshauri. Mshauri akasema yuko tayari kabisa, ila hawezi kufunga ripoti kabla mkuu hajatoa maelezo yake. Akampigia mkuu.

"Maelezo yangu?" mkuu akasema. "Dada, mimi nakusubiri wewe. Barua ikisainiwa ndiyo maelezo yenyewe. Saini, kila kitu kitatembea."

Akakata simu. Mama yake alikuwa dirishani. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, lakini bado alipinda pindo za mapazia ya majirani kwa cherehani ya mwisho iliyobaki kati ya zile nne. Alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo yote matatu, na upande mmoja ulimtosha.

"Sasa mwanangu, hao watu wanasubiri nini?"

"Kamati inasubiri ripoti. Ripoti inasubiri mkuu. Mkuu ananisubiri mimi nisaini."

"Na wewe?"

"Mimi naisubiri kamati."

Mama alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alimtazama binti yake, msomi wa nyumba, mwenye shahada ukutani, amekaa kitini wiki ya tatu na jalada mapajani.

"Na kola anashona nani?" akauliza.

Cherehani aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi. Miezi yote ile amewaeleza watu wazima na elimu zao jambo hili hili, na yeye mwenyewe amelikalia. Alinyanyuka, akafuta vitambaa kwenye meza ya kukatia, akaandika.

Iliwachukua wao wiki tatu kutokuiandika ripoti ile. Yeye ilimchukua mchana mmoja. Zilikuwa kurasa nne. Wa kwanza ulieleza jinsi mafundi na foleni wanavyofanya kazi, kwa maneno ambayo mama yake aliyapitisha. Wa pili ulikuwa orodha ya siku zote programu ilipokwama, na idadi ya mafundi kila siku hiyo. Wa tatu ulikuwa na ile mistari kumi na moja ya marekebisho, kama alivyoipendekeza tangu mwanzo, hakuongeza wala kupunguza. Wa nne ulieleza nani aliamua nini na lini. Nyuma yake akabana orodha ya mafundi aliyoichapisha siku ya umeme, na ukurasa wenye wino wa kijani. Akatengeneza nakala saba. Asubuhi akazipeleka mwenyewe kwa mkono, moja kwa mkurugenzi na moja kwa kila mjumbe, akisainiwa kila mahali kwamba imepokelewa.

Kamati ambayo haikuweza kukaa kwa wiki tatu ilikaa kesho yake.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na viti visivyolingana. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza, sista pembeni, mkuu na mshauri wamekaa pamoja. Kabla mkurugenzi hajafungua kikao, mkuu alikuwa ameshainua nakala yake.

"Naomba tuanze na hili. Nani amemruhusu kuandika ripoti? Mtu anayechunguzwa anajiandikia ripoti mwenyewe?"

"Hakuna aliyenikataza," Cherehani akasema. "Mlikuwa mnasubiriana, nikaona niandike. Kama kuna uongo humo, usomwe."

Mkurugenzi alikuwa ameruka kurasa zote nne na kufika kwenye orodha. Akaanza kuisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikishuka kwenye karatasi.

"Fundi wa kwanza, anasubiri muhuri. Fundi wa pili, anasubiri muhuri. Fundi wa tatu, anasubiri muhuri." Alisoma hivyo mpaka wa kumi na moja. Kisha akainua kichwa. "Wote hivi?"

"Wote sitini na wanne, mzee."

"Na huo muhuri anapiga nani?"

"Fundi atakayekuwa hana kazi."

Mkurugenzi aliitazama tena orodha, kana kwamba anamtafuta huyo asiye na kazi. Mshauri alikuwa ameanza kusoma kitu kwenye kompyuta yake kwa bidii kubwa. Mkuu akakohoa.

"Ndiyo maana, mzee, mimi msimamo wangu tangu awali ulikuwa tuongeze idadi ya..."

"Uongeze mpaka wangapi?" sista akamdakia. "Mpaka wagonjwa nao wawe mafundi? Miye nimekimbia ngazi sita na damu ya mtu imeandikwa kiganjani, baba. Niambie idadi, nijue."

Mkurugenzi alifika kwenye ukurasa wa wino wa kijani, akausoma, akausogeza mbele ya mkuu, na kidole chake kikabaki juu ya ile tarehe. Mkuu aliitazama sahihi yake yenye madaha kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu asiyemkumbuka. Akasema kwamba ule ulikuwa ushauri wa jumla. Akasema kwamba lawama haisaidii. Akasema kwamba, hata hivyo, kiutaratibu, barua ya mwandishi bado haijasainiwa, na kikao hakiwezi kufungwa bila sahihi yake.

"Sahihi yangu unayo," Cherehani akasema. "Fungua ukurasa wa nne, chini kabisa. Nimesaini niliyoyafanya. Uliyoyafanya wewe ulishayasaini mwenyewe, kwa kijani."

Nywila yake ilirudishwa mchana ule ule. Aliingiza mistari yake kumi na moja, akaijaribu kwa majibu mia mbili kwa mkupuo na si matatu, kisha akaishusha ile namba kutoka sitini na nne. Jumatatu iliyofuata alikaa mbele ya skrini tangu asubuhi. Saa tatu na robo ikapita. Saa nne ikapita. Simu ya sista haikulia siku nzima.

Muhtasari wa kikao ulipotoka, aliusoma mara mbili. Uliandika kwamba timu ya kitengo, chini ya uongozi wa mkuu, imefanikiwa kutatua changamoto. Timu. Jina lake halikuwamo, si kwa lawama wala kwa shukrani. Mkuu aliendelea kukaa kwenye ofisi yake na kupangua kalamu zake, na walipokutana kwenye korido alimsalimia kana kwamba hakuna kilichotokea. Cherehani alijibu salamu, kwani alilelewa, lakini damu ilimchemka kila mara, na inachemka mpaka leo.

Jumapili alimsimulia mama yake yote, wakiwa wamekaa pande mbili za meza ya kukatia na pazia la jirani katikati.

"Sasa wamebaki mafundi wangapi?" mama akauliza.

"Wanane."

"Wale wale wa mwanzo?"

"Wale wale."

Mama alifyonya, akakata uzi kwa meno. "Na wamekuomba radhi?"

"Hapana."

"Unasubiri?"

"Hapana, mama," akasema, akavuta upande wake wa pazia na kutafuta sindano. "Nina kazi nyingine."